Kumbikumbi Ndani ya Sandarusi

Nilifundisha sayansi darasa la tano kwa miaka mingi, na kila mwaka tulifika kwenye somo la visukuku. Nililijua kwa moyo kama Alhamdu. Mnyama anakufa. Anafunikwa upesi na matope au mchanga, kabla fisi na kunguru hawajamfikia. Nyama inaoza, mifupa inabaki. Maji yanayopita ardhini yanabeba madini, yanaingia kwenye vijitundu vya mfupa, kidogo kidogo, mpaka mfupa wenyewe unaondoka na jiwe linabaki na umbo lake. Wakati mwingine hata mfupa haubaki, inabaki alama tu, kama zile nyayo walizoacha watu wa kale kwenye majivu ya volkano kule Laetoli. Watoto wakiuliza inachukua muda gani, niliandika ubaoni: maelfu na mamilioni ya miaka. Nikapiga mstari chini yake, kengele ikalia, tukaenda kunywa uji.

Sikuwa na habari kwamba neno lenye uzito katika somo lote lile si "mamilioni". Ni "upesi". Kiumbe asiyefunikwa upesi haachi kitu. Na akishafunikwa, sharti aachwe palepale alipo, asiguswe, asisogezwe, asijiwe na mtu. Nimekuja kulielewa hilo nikiwa nimestaafu, mjane, naishi peke yangu Bagamoyo katika nyumba ya vyumba vitano, na mlango wa mbele naufungua kila asubuhi ili majirani wasije wakadhani nimekufa.

Nyumba ni ya ukoo wa mume wangu. Wazee wao walitoka Omani, wakauza nguo hapa baba kwa mwana, na walijenga kwa mawe ya matumbawe kama wenzao wote. Upande wa uani chokaa imebanduka, na pale utayaona matumbawe yenyewe, yana maua maua, na mahali pamoja kuna kombe zima limekaa ndani ya jiwe. Hayo nayo ni visukuku. Yaliishi baharini, bahari ikajitoa, yakageuka jiwe, watu wakayakata wakajengea sebule. Niliingia nyumba hii nikiwa bibi harusi, nikaanika nguo mbele ya ukuta ule miaka na miaka, wala sikuona kitu mpaka mwanangu aliponivuta mkono akanionyesha. Mwalimu mzima, na chaki mkononi!

Mwanangu ni huyo mmoja. Mungu hakutupa mwingine, na mume wangu hakuwahi kunisimanga kwa hilo hata siku moja.

Mimi mwenyewe si mtu wa mjini. Kwetu ni Miono, bara kidogo, kwa wakulima. Babu yangu mzaa baba alikuwa mchimba sandarusi. Mti wa msandarusi ukijeruhiwa gome hutoa utomvu, utomvu unaganda, unadondoka, unazikwa na mchanga, na ukikaa huko chini muda mrefu unakuwa mgumu na kung'aa. Zamani wafanyabiashara wa pwani waliununua sana kwa kutengenezea vanishi. Babu alichimba hata kwenye mashamba ambayo hayakuwa na msandarusi mmoja; miti ilishakufa ikaoza zamani, utomvu wake ukabaki ardhini. Soko lilipokufa babu alirudi kwenye jembe, akabaki na kipande kimoja alichokataa kukiuza, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na kumbikumbi.

Kilikuwa na ukubwa wa kokwa ya embe dodo. Nje kilikuwa na vipele vipele, mfano wa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, maana ndivyo mchanga unavyoifanya sandarusi. Upande mmoja babu aliusugua ukawa laini, na ukikiinua juani ulimwona kumbikumbi mzima, rangi ya chai ya rangi, bawa moja limefunguka na jingine limekunjwa chini ya tumbo. Kumbikumbi hutoka mvua za kwanza na hupukutisha mabawa yao saa ileile. Huyu alinaswa kabla hajayapukutisha. Babu alimpa baba, na baba akanipa mimi nilipoolewa mjini, amekifunga kwenye kitambaa cha kilemba. Wifi yangu, dada wa mume, alidhani ni kitu cha thamani, akakisogelea. Alipoona ni mdudu alisema, "Haya, mahari ya Miono hiyo." Mpaka leo nikikumbuka nacheka, ingawa siku ile nililia.

Mwanangu alikua na kile kipande. Alipenda kukaa nacho barazani asubuhi, jicho moja amelifumba, akimtazama mdudu. Siku moja akaniuliza, "Mama, amekufa lini huyu?" Nikamwambia zamani sana. "Zamani ya babu?" Zamani kuliko babu. "Zamani ya Mtume?" Nikamwambia sijui. Nadhani ndiyo siku nilipompoteza, maana mtoto akishajua kwamba mama hajui, huenda kuuliza kwingine. Alisoma, akasoma, akasomea mawe chuo kikuu, kisha ndugu wa baba yake wakamwita Maskati, akapata kazi huko ya kuchunguza miamba. Ana mke huko na mabinti wawili ambao Kiswahili chao ni cha kwenye simu.

Baba yake alipofariki, mazishi yalikuwa alasiri ya siku ileile kama ilivyo ada yetu. Mtoto hakuwahi. Alifika siku ya tano. Alinikuta nimeshaingia eda, nimekaa chumbani kwangu. Alikaa nami siku nne. Hatukuongea mengi kuhusu baba yake. Tuliongea kuhusu sandarusi. Ilikuwa rahisi zaidi.

"Hii si kisukuku kamili, mama," alisema, akikigeuza kile kipande dirishani. "Iko njiani."

Nikamwuliza njiani kuelekea wapi. Akanionyesha tasbihi ya marehemu iliyotundikwa ukutani, ile ya kaharabu. Akasema kaharabu nayo ilikuwa utomvu wa mti. Utomvu una mafuta yanayonukia. Ukizikwa, mafuta yanatoka polepole na utomvu unakaza. Ukikaa mamia ya miaka, au maelfu, unakuwa sandarusi. Ukikaa mamilioni, na Mungu akipenda usichimbuliwe, ndipo unakuwa kaharabu. Njia ni moja, safari ndiyo ndefu. Na mdudu wa ndani, alisema, mara nyingi si mdudu tena. Ndani yake hukauka, pakabaki ganda na umbo.

"Nipe niende nayo," akasema. "Kazini tuna vyombo. Nitajua umri wake."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo sijui nijilaumu au nijisamehe. Nilikataa. Nilimwambia hawezi kuondoa vitu vya nyumba wakati matanga bado mabichi. Nikamwambia, "Ukija tena utaichukua." Alinitazama, akakubali. Yeye alidhani ni mila. Mila gani! Nilikuwa nimeona pale kitandani, nimevaa nguo za eda, kwamba mume hayupo, kazi sina, Maskati ni mbali, na kitu pekee katika nyumba hii ambacho mwanangu anakitaka ni kile kipande. Nikimpa, atarudi kufuata nini?

Baada ya kuondoka kwake nikakificha. Arobaini ilikuwa inakaribia, nyumba ingejaa watu na watoto wenye mikono myepesi. Nikakitia kwenye mkebe wa ubani, chini kabisa, nikaweka ubani juu yake. Nilijiona mjanja.

Siku ya arobaini wanaume walisoma hitima sebuleni na uani, wanawake wakajaa ukumbini na chumbani kwangu. Mimi nikiwa ndani ya eda sikuwa wa kutoka kwenda jikoni, na wifi yangu ndiye aliyesimamia kila kitu, kuanzia pilau hadi kahawa. Alichukua mkebe. Ubani wa juu ulikuwa chengachenga tu. Akazamisha mkono, akatoa bonge kubwa la manjano, akafikiri ni ule ubani mzuri wa kutoka Omani ambao kaka yake aliuweka akiba. Na sisi bonge la ubani hatulitii motoni zima. Alilitwanga kwenye kinu kidogo cha iliki, akagawa kwenye vyetezo vitatu, akavipitisha vyumba vyote.

Nilisikia harufu kabla sijauona moshi. Si ya ubani. Kali kidogo mwanzoni, halafu tamu, yenye undimundimu. Harufu ya utotoni kwetu, babu alipokuwa akitupa vumbi la sandarusi jikoni kufukuza mbu. Nilijua saa ileile. Chetezo kiliingia chumbani mkononi mwa wifi yangu, macho yamemvimba kwa kulia, amechoka, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe alikuwa akinihudumia mimi. Wanawake walivuta pumzi wakasema mashallah. Mmoja akauliza, "Ubani huu wa wapi?"

Nikasema, "Wa kwetu."

Sikumwambia wifi. Amekufa naye sasa, na hakujua kamwe. Jioni, watu walipokwisha kutawanyika, nilipekua majivu ya vyetezo vyote vitatu kwa kijiko. Nilikuwa natafuta bawa, kama mpumbavu. Mamilioni ya miaka ndiyo yaliyokuwa yamebaki kwenye safari yake, na sisi tukamkatiza kwa makaa ya mkoko.

Mwanangu alipopiga simu Ijumaa, kama kawaida yake, aliuliza afya yangu, akauliza paa la uani, kisha akauliza, "Na sandarusi yangu ipo?"

"Ipo," nikasema.

Nilisema ipo Ijumaa ile na Ijumaa nyingi zilizofuata. Eda ikaisha. Ramadhani ikaja, nikafuturu peke yangu, tende tatu na uji wa pilipili manga, sahani moja ya kuosha. Alikuwa anasema atakuja, kisha kazi inazuia. Na mimi nilikuwa na hofu mbili zisizokaa pamoja: asipokuja nitakufa kwa upweke, na akija atakuta sina nilichomwitia.

Basi nikaenda Miono. Nilishuka Msata kwenye njia panda, nikapanda gari jingine, halafu bodaboda, umri huu, buibui limepeperuka. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anayelima shamba la babu, alinipokea.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nataka sandarusi."

"Hata maji hujanywa!" Alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, ya kuchimba imekwisha zamani. Mashimo ya babu tumeyapanda mananasi."

Alinipeleka hata hivyo. Tulikwatua hapa na pale kwa jembe, tukapata mawe na mzizi. Mwisho akanipeleka kwenye msandarusi uliobaki mpakani mwa shamba, mkubwa, umetoa utomvu kwenye jeraha la panga. Ulikuwa mweupe, safi, unanata. Alibandua bonge akaniwekea kwenye jani la mgomba. Akaniuliza la kazi gani. Nikamwambia nafanya utafiti. Akasema, "Waalimu hamstaafu nyie, mnazidi tu."

Niliyoyafanya baada ya hapo nayaandika nikiwa na haya. Mvua za kwanza zilipoanguka niliwasha taa ya uani jua lilipokuwa likizama, kumbikumbi wakaja. Nililainisha ule utomvu kwenye kibakuli juu ya sufuria ya maji ya moto. Wa kwanza alipukutisha mabawa kabla hajafika. Wa pili pia. Wa tatu nilimponda kwa kidole. Wa nne aliingia na mabawa yake mawili upande mmoja, nikammiminia utomvu juu taratibu, kama ninayesali. Nikaliviringisha bonge kwenye mchanga lipate vipele. Kisha nikalizika kwenye chungu cha mrehani karibu na ukuta wa matumbawe, na nikawa naumwagilia mrehani kila asubuhi, huku nikilifikiria lile bonge humo chini. Mwanamke aliyeandika "mamilioni" ubaoni akapigia mstari alikuwa anasubiri kisukuku kikomae kwenye chungu cha mrehani!

Lakini nitasema kweli, zile zilikuwa wiki zangu nzuri. Nilikuwa na kitu cha kuamkia.

Alikuja mwaka wa tatu baada ya kifo cha baba yake. Alikuwa na mkutano Dar es Salaam, akapata siku mbili za kuja Bagamoyo. Nilipika samaki wa kupaka na mkate wa kumimina, nikatandika kitanda chake kwa mashuka yale ya zamani. Alipoingia nilimwona ameota mvi kando ya masikio. "Shikamoo mama," akasema, nami badala ya kuitika nikamshika uso kwa mikono miwili. Siku hiyo hakuuliza. Alilala mapema, nami nilikaa ukumbini nikisikiliza tu kwamba kuna mtu mwingine anayepumua ndani ya nyumba.

Asubuhi nilimpelekea kahawa barazani, na pamoja na kahawa kile kitambaa cha kilemba cha baba yangu, ndani yake nimefunga lile bonge la chunguni. Alikifungua. Akakiinua kile kipande juani, jicho moja amelifumba, vilevile kama zamani. Nilisimama mlangoni nikishika kitasa.

Halafu akakibonyeza kidogo kwa dole gumba, kama mtu anayejaribu embe, na dole likazama. Alipoliondoa, lilinata.

Hakunitazama. Akauliza kwa upole, "Ile nyingine iko wapi, mama?"

"Tulimfukizia baba yako," nikasema. "Siku ya arobaini. Ilitwangwa kwa makosa."

Barabarani alipita muuza mboga, akatusalimu, tukaitika wote wawili.

"Ilinukia?" akauliza.

"Ilinukia. Watu waliuliza ya wapi."

Alitikisa kichwa polepole, akanywa kahawa yake. Nilimsubiri akasirike, nilikuwa tayari. Nilimsubiri pia aniulize kwa nini nilidanganya miaka yote ile, na jibu nilikuwa nalo: nilitaka uje. Hakuuliza. Nafikiri alishalijua, na kulijua kulimwumiza, kwa sababu mchana kutwa alishinda juu ya paa la uani akilirekebisha mwenyewe, jua lote lile, ilhali angeweza kumwita fundi.

Alikuwa anaondoka kesho yake asubuhi. Nilimfungia visheti na kitambaa kile. Akavichukua visheti. Kitambaa akakirudisha mezani.

"Hii iache hapa," akasema. "Bado mbichi. Ikikomaa nitakuja kuiangalia."

"Inachukua muda gani?"

Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. "Si wewe mwalimu?" akasema, akatabasamu. Akanibusu mkono, akatoka. Nilisimama mlangoni mpaka gari lilipokata kona.

Nilikifungua kitambaa baadaye, nilipokuwa natoa vyombo mezani. Kumbikumbi wangu yumo, amejipinda, hana sura ya yule wa babu hata kidogo. Lakini upande ule babu alioulainisha kwenye kipande chake, kwenye hiki pana shimo la dole gumba la mwanangu, na chini ya shimo mistari yote ya ngozi yake, imejichora sawasawa.

Sikukirudisha kwenye chungu. Nilikiweka kwenye mkebe mtupu, nikaubandika karatasi ya USIGUSE, ingawa hakuna wa kugusa. Ijumaa iliyofuata mwanangu alipopiga aliuliza afya yangu, na paa, kisha akauliza kama ipo.

"Ipo," nikamwambia. "Inaendelea kukaza."